Nimemaliza levo za gemu ya Kijapani, mbona stika za magari bado sizisomi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Mbeya, nauza spea za magari maeneo ya Mwanjelwa. Tangu mwaka jana najifunza Kijapani kwa gemu za maneno kwenye simu, zile za kuoanisha neno na maana yake na zile za kuchagua jibu moja kati ya manne. Alama za hiragana nimemaliza, za katakana nimemaliza, na gemu inaniambia nimeshajua maneno zaidi ya mia sita. Lakini gari likija na stika za Kijapani naona giza. Hata neno ninalolipata kila siku kwenye simu, nikiambiwa niliandike siwezi. Je, gemu zinanipotezea muda? Niendelee au nifute? Na zinaweza kunifikisha kwenye mtihani wa Kijapani wa ngazi ya N5?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usifute. Maneno hayo unayajua kweli, ila unayajua kwa namna moja tu, na namna hiyo ndiyo gemu iliyokuzoesha. Gemu hufundisha kile inachokufanyisha, haivuki hapo. Ikikufanyisha kuchagua kati ya majibu manne, utakuwa hodari wa kuchagua kati ya majibu manne. Stika ya kwenye mlango wa Hiace haina majibu manne chini yake.

Mfikirie mteja aliyewahi kununua kwako mara mbili tatu. Akitokea mlangoni unamtambua papo hapo, lakini ukiulizwa jina lake akiwa hayupo, linagoma. Kutambua ni kazi moja, kukumbuka ni kazi nyingine, na gemu ulizozitaja zinafanyia mazoezi ile ya kwanza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likavirudia kuvisoma, kundi jingine likafunga karatasi na kuandika lile wanalolikumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka waliwaacha wenzao mbali, ingawa wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Hiyo ndiyo hali yako ukiona levo zinapanda. Uhakika unakua haraka kuliko ujuzi.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu gemu yoyote si kama ni nzuri au mbaya. Uliza: hapa mkono wangu, sikio langu na kichwa changu vinafanya nini? Tukiipima gemu kwa swali hilo, utaona nyingine zinafaa wiki tatu za mwanzo tu, na nyingine zitakufaa miaka.

Nianze na maandishi yenyewe, maana hapo ndipo una faida ambayo huenda hujaiona. Kijapani kinatumia mifumo mitatu kwa pamoja: hiragana, katakana na kanji, yaani zile alama zilizotoka China ambazo kila moja hubeba maana. Hiragana ina alama 46 za msingi, katakana nayo 46, na kila alama ni silabi nzima au irabu: ka, ki, ku, ke, ko. Irabu ni tano zilezile tulizonazo sisi, na karibu kila silabi inaishia na irabu kama yetu. Mzungumzaji wa Kiingereza hupata taabu kubwa hapo, wewe hupati. Hata ile alama ん, ambayo ni n inayosimama peke yake kama pigo zima, sisi tunayo: sikiliza n ya *nchi*. Irabu ndefu pia hazikusumbui, kwa sababu tangu utotoni unatofautisha *paa* na *pa*. Utahitaji sikio hilo, maana *obasan* ni shangazi au mama mdogo, na *obaasan* ni bibi. *Biru* ni jengo la ghorofa, na *biiru* ni bia. Katika jibu hili nitaandika irabu ndefu kwa kuirudia, ili uisome kama unavyosoma Kiswahili.

Kama kwenye gemu yako maneno ya Kijapani bado yanaonekana kwa herufi zetu, nenda kwenye mipangilio uzizime leo. Jicho huenda kwenye kilicho rahisi. Herufi za a, b, ch zikiwepo pale chini, zile alama za juu huzioni tena, na unaweza kupanda levo nyingi bila kusoma hata silabi moja.

Sasa, wewe ni muuza spea. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuanzisha na katakana, siyo hiragana kama gemu nyingi zinavyofanya, kwa sababu katakana ndiyo inayoandika maneno ya kigeni, na lugha ya magari huko Japani imejaa maneno yaliyotoka Kiingereza, sawasawa na ya kwetu. Angalia: タイヤ *taiya* ni tairi. エンジン *enjin* ni injini. ブレーキ *bureeki* ni breki. バッテリー *batterii* ni betri. クラッチ *kuratchi* ni klachi. ギア *gia* ni gia. バンパー *banpaa*, bampa. ワイパー *waipaa*, waipa. ボンネット *bonnetto*, boneti. プラグ *puragu*, plagi. フィルター *firutaa*, filta. ベアリング *bearingu*, beringi. ガスケット *gasuketto*, gasketi. ピストン *pisuton*, pistoni. Wajapani na sisi tuliyachukua kwa watu walewale na tukayapachika irabu ili yatamkike. Maana ya maneno haya unaijua tayari. Kazi iliyobaki ni kusoma alama tu. Hakuna gemu itakayokupa mazoezi ya bei hiyo. Machache yatakugeuka: ハンドル *handoru* kwao ni usukani, マフラー *mafuraa* ni egzosi, ウインカー *uinkaa* ni indiketa. Hayo ndiyo ya kukariri.

Katakana ina mtego mmoja unaowaangusha wengi waliojifunza kwa kubonyeza. シ ni *shi* na ツ ni *tsu*. ン ni *n* na ソ ni *so*. Kwenye gemu ya majibu manne unaweza kuzipata bila kuzijua, kwa sababu mara nyingi haziletwi pamoja. Tofauti iko kwenye mwendo wa mkono. Kwa シ na ン vile vistari vifupi vinapangana upande wa kushoto na mstari mrefu unapanda kutoka chini. Kwa ツ na ソ vistari vifupi vinapangana juu na mstari mrefu unashuka. Ukiandika kwa mkono, kidole kinaukumbuka mwendo huo hata jicho likisahau. Neno la kufanyia mazoezi ni ガソリン, *gasorin*, petroli, lenye ソ na ン ndani yake. Nunua daftari la hesabu lenye vijumba, uandike silabi moja kwa kila kijumba, ukilitamka neno kwa sauti kila unapolimaliza. Fanya hivyo kwa maneno yote ya hapo juu, yale yale unayoyauza.

Kuna sababu nyingine stika zinakuwa giza, na hii si kosa lako. Gemu hukuonyesha maandishi safi, makubwa, yanayokwenda kushoto kulia. Huko barabarani utakuta maandishi yameandikwa kutoka juu kwenda chini, au yamepambwa hadi umbo limebadilika, au jua limeyafuta nusu. Na kwenye ubavu wa kulia wa malori mengine ya Japani jina la kampuni huanzia mbele ya gari kwenda nyuma, kwa hiyo unalisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Ukikuta neno la katakana halina maana yoyote ubavuni mwa Canter, ligeuze.

Tuje kwenye kanji, ambako ndiko hofu iliko. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina kanji 2,136 tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2010. Mtoto wa Japani anajifunza 1,026 kati ya hizo kwa miaka sita ya shule ya msingi, na mwaka wa kwanza anapewa 80 tu. Nakutajia namba hizi ili usijidai deni usilonalo. Gemu inayokuahidi kanji elfu mbili kwa miezi mitatu inakuahidi kuzitambua kwenye skrini yake yenyewe.

Kanji uzisome ndani ya maneno, siyo moja moja. Chukua 車. Peke yake inasomwa *kuruma*, gari. Ikiungana na wenzake inasomwa *sha*: 自動車 *jidoosha* ni gari linalojiendesha kwa injini, 自転車 *jitensha* ni baiskeli, 電車 *densha* ni treni ya umeme, 洗車 *sensha* ni kuosha gari, 車検 *shaken* ni ule ukaguzi wa lazima wa magari huko Japani, ambao stika yake hubandikwa kwenye kioo cha mbele. Ukikariri kwenye gemu kwamba 車 ni “kuruma, sha, gari”, utapata pointi. Ukiikariri ndani ya maneno matano ya kazi yako, utaisoma.

Kisha uione 車 hiyohiyo ikiwa kipande ndani ya kanji nyingine. 輪 ni gurudumu. 軸 ni ekseli au shafti. 転 ni kuzunguka. 輸 imo kwenye 輸出 *yushutsu*, kuuza bidhaa nje ya nchi. Zote zina gari upande wa kushoto. Na 軽, maana yake “epesi”, nayo inalo. Hiyo 軽 utaikuta kwenye stika muhimu kuliko zote kwa fundi yeyote wa Mbeya: 軽油, *keiyu*. Iko karibu na mfuniko wa tangi la mafuta, na maana yake ni dizeli. Hata Japani kwenyewe watu huponzwa nayo, kwa sababu vigari vidogo vinaitwa *kei*, kwa kanji hiyohiyo 軽, na vinatumia petroli. Mtu akiona 軽油 kituoni anadhani ndiyo ya kigari chake, anajaza dizeli. Wewe ukiisoma sawasawa utamwokolea mteja injini.

Kipande cha pili cha 軽油, yaani 油, ni mafuta. Upande wake wa kushoto kuna vidoto vitatu, alama ya maji na vimiminika, na utaviona pia kwenye 洗 ya kuosha gari. Upande wa kulia ni 由, inayodokeza sauti *yu*. Kipande hicho 由 kimo pia ndani ya 軸 niliyoitaja. Nakueleza haya kwa kirefu kwa sababu kanji nyingi zimejengwa hivi, kipande kimoja kikidokeza maana na kingine sauti, na ukishaanza kuviona vipande hutaogopa tena wingi wa mistari.

Nyuma ya malori utasoma 最大積載量 na namba ikifuatiwa na kg. Ni *saidai sekisairyoo*, uzito wa juu wa mzigo. Ukiitazama vizuri 載 utaliona gari limejificha ndani yake. Kwenye mlango wa Coaster na Hiace kuna 自動ドア *jidoo doa* au 自動扉 *jidoo tobira*, mlango unaojifungua. 非常口 *hijooguchi* ni mlango wa dharura. 定員 *teiin* ni idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Ndani ya boneti au ubavuni mwa mlango wa dereva mara nyingi kuna kistika cha オイル交換 *oiru kookan*, kubadilisha oili, chenye tarehe na kilomita. Na ukikuta basi dogo limeandikwa 幼稚園 *yoochien*, lilikuwa likibeba watoto wa chekechea. Piga picha za hizo zote, zihifadhi kwenye folda moja. Hiyo ndiyo gemu yako halisi, na haili bando.

Hapa Nyanda za Juu Kusini kuna jambo jingine la kuangalia. Si kila maandishi ya namna hii ni ya Kijapani. Reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, mitambo mingi ya barabara ni yao, na pikipiki nyingi za bodaboda pia. Wachina walirahisisha maumbo ya kanji nyingi katika miaka ya 1950, na gari kwao leo linaandikwa 车, siyo 車. Kipimo cha haraka ni hiki: ukiona hata alama moja ya hiragana au katakana katikati ya maandishi, basi ni Kijapani. Kuna wanafunzi waliokaa jioni nzima wakihangaika na maandishi ya kreni kwa kamusi ya Kijapani, na kreni yenyewe ya China.

Turudi kwenye gemu. Zile za kuoanisha na za majibu manne zifanyie kazi yake ya kukutambulisha alama mpya, kisha zitoke. Ukishazitambua alama zote kwa haraka, hazina la kukuongezea, hata kama zinakupongeza kila siku kwa kutoruka siku. Ile hesabu ya siku mfululizo inapima kama umefungua simu. Kwa hatua hiyo ya mwanzo napendekeza programu ya Japan Foundation iitwayo Memory Hint. Ipo ya hiragana, ya katakana na ya kanji, ni ya bure, na inafunga kila alama kwenye picha inayofanana nayo.

Zinazofuata ni gemu za kuchapa, ambazo alama inashuka kutoka juu ya skrini nawe unaandika sauti yake kabla haijagusa chini. Hizo ni bora zaidi kwa sababu hakuna cha kuchagua. Bora kuliko hizo ni kuweka kibodi ya Kijapani kwenye simu yako, ile yenye vitufe kumi na viwili vya あ、か、さ、た, na kuanza kuandika jumbe fupi. Kibodi ya Gboard inayo, na ina hata sehemu ya kuchora kanji kwa kidole. Hapo utagundua jambo ambalo gemu ilikuficha: *jidoo* haiandikwi kwa o mbili, inaandikwa じどう, na *u* mwishoni. Usipoiandika hivyo simu haikuletei kanji unayoitaka.

Gemu za maneno kwenye jedwali, kutafuta maneno yaliyofichwa na kujaza fumbo la maneno, zinafaa kwa tahajia. Kila kijumba ni silabi moja, na katika mafumbo ya Kijapani zile alama ndogo っ na ゃ huandikwa kwa ukubwa wa kawaida, usije ukadhani umekosea. Ipo pia aina ya fumbo la kanji ninayoipenda sana: katikati kuna kijumba kitupu, pembeni kanji nne, nawe utafute moja inayokamilisha maneno yote manne. Weka 電 na 洗 upande mmoja, 検 na 庫 upande mwingine. Jibu ni 車: densha, sensha, shaken, na *shako*, gereji. Unaweza kujitengenezea haya kwa kalamu, na kuyatengeneza kunafundisha kuliko kuyajaza.

Lakini gemu ninayowahimiza wanafunzi wangu kuliko zote haihitaji kupakuliwa. Inaitwa *shiritori*, na watoto wa Japani huicheza safarini. Mmoja anataja nomino, anayefuata anataja nomino inayoanza na silabi ya mwisho ya ile ya kwanza, hakuna kurudia, na anayetaja neno linaloishia na *n* ameshindwa, kwa sababu hakuna neno la Kijapani linaloanzia hapo. Kuruma, mado, doa, ashi, shio, oiru, rusu, suika, kasa, sakana. Yaani gari, dirisha, mlango, mguu, chumvi, oili, kutokuwepo nyumbani, tikitimaji, mwavuli, samaki. Muuza spea ana hatari yake humu: *enjin*, *gasorin* na *pisuton* zote zinakuua. Mtafute mwenzako mmoja anayejifunza, hata akiwa Iringa au Njombe, mcheze kwa sauti fupi za WhatsApp. Neno litoke kichwani bila msaada, litoke mdomoni, na lisikike kwa mwenzako. Hiyo ndiyo kazi ambayo gemu yako ya sasa haikufanyishi hata kidogo. Kwa wiki za mwanzo utakaa kimya muda mrefu ukitafuta neno. Kimya hicho ndicho kinachofundisha, usikikimbie.

Kuhusu kusahau, Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau kwa kasi saa za mwanzo, kisha kasi inapungua, na marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanashikilia zaidi kuliko yaliyorundikwa siku moja. Programu ya Anki, iliyotolewa mwaka 2006 na ambayo jina lake ni neno la Kijapani la kukariri, imejengwa juu ya wazo hilo. Ya Android ni bure, ya iPhone inauzwa. Ikishapakuliwa inafanya kazi bila mtandao, jambo la maana kwa sisi tunaoishi mahali ambapo mtandao unakatika mvua ikianza. Kila kadi unayoifaulu inarudi baada ya siku nyingi zaidi, unayoikosa inarudi mapema. Simu ikizima chaji, fanya hivyohivyo kwa karatasi na boksi tupu la plagi lililogawanywa vyumba vitatu: cha kila siku, cha kila siku ya tatu, cha kila wiki. Ukipata, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi cha kwanza.

Kadi hizo uziandike wewe mwenyewe, na uziandike kwa Kiswahili. Hili nalisisitiza. Gemu nyingi hukupitisha kwenye Kiingereza, na Kiingereza kinapoteza vitu ambavyo Kiswahili na Kijapani vyote vinavyo. Kijapani hakina neno moja la ndugu wa kiume. *Ani* ni kaka yangu, *otooto* ni mdogo wangu wa kiume. *Ane* ni dada yangu, *imooto* ni mdogo wangu wa kike. Gemu ikikuuliza kwa Kiingereza unabahatisha. Ukiuliza kwa Kiswahili hakuna la kubahatisha. *Oji*, ndugu wa kiume wa mzazi, huandikwa 伯父 akiwa mkubwa kuliko mzazi wako, na 叔父 akiwa mdogo, na sisi wa baba mkubwa na baba mdogo tunaelewa mara moja kwa nini, ingawa wao hawatofautishi upande wa baba na wa mama. Wafanyakazi wakiagana jioni huambiana *otsukaresama desu*. Tafsiri za Kiingereza huzunguka weee bila kufika. Wewe andika nyuma ya kadi: pole na kazi.

Mtihani sasa. N5 ni ngazi ya chini kabisa kati ya tano, na N1 ndiyo ya juu. Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Hakuna kuandika insha wala kuzungumza. Kwa hiyo mazoezi yako ya kutambua hayajapotea hata kidogo, yatakusaidia chumba cha mtihani. Kinachonitia wasiwasi kwako ni kusikiliza. Jumla ya alama ni 180, na za kusikiliza ni 60. Ili ufaulu N5 unahitaji 80 kwa jumla, lakini pia usipungue 38 kwenye sehemu ya maneno, sarufi na kusoma, wala 19 kwenye kusikiliza. Ukipata 120 kamili kule na 18 huku, umefeli. Maneno mia sita ya kwenye skrini bila sauti hayakuvushi hapo, na bado kuna sarufi, ambayo gemu za maneno haziigusi.

Basi washa sauti ya gemu, na kila neno litamke kabla hujabonyeza. Halafu usikilize Kijapani kilichokuzunguka. Magari mengi yakiwashwa kuna sauti ya mwanamke inayosema *ii-tii-shii kaado ga soonyuu sarete imasen*. Anasema kadi ya ETC, ile ya kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, haijaingizwa. Sentensi nzima unaipata bure kila asubuhi, na ndani yake kuna *ga* ya kuonyesha kiima na *-masen* ya kukanusha kwa heshima. Malori yakirudi nyuma mengine husema *bakku shimasu, go-chuui kudasai*: ninarudi nyuma, tafadhali chukua tahadhari. Na NHK, shirika la utangazaji la Japani, lina idhaa ya Kiswahili na masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili. Yapakue ukiwa na mtandao mzuri, uyasikilize duka likiwa halina watu.

Mtihani hufanyika Julai na Desemba, lakini si kila nchi ina vipindi vyote viwili wala si kila mji una kituo. Wa kuuliza ni Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam, ambao pia ndio mlango wa ufadhili wa masomo wa serikali ya Japani uitwao MEXT. Wasiliana nao wenyewe kabla hujampa hela mtu yeyote anayekuahidi kukusajili.